Daftari la Stoo

Nilipoanza kazi ya ufundi chuoni mwaka 1996, mzee niliyemkuta stoo alinikabidhi vitu vitatu: funguo, kipande cha kitambaa cha pamba, na daftari la jalada gumu. Funguo na daftari sikuhitaji kuelezwa. Kitambaa ndicho nilichouliza.

"Cha kushikia balbu," alinijibu. "Ukiigusa kwa kidole, umeiua."

Nilidhani anamtisha mgeni. Kumbe alikuwa anasema kweli: mafuta ya kidole yakibaki kwenye kioo cha balbu ya halojeni, mahali hapo hupata moto kuliko kwingine, na balbu hufa kabla ya siku zake. Balbu ya akiba ilikuwa moja tu. Basi nikajifunza kushika balbu kama mtu anayeokota yai chini ya kuku mkali.

Enzi hizo kifaa kilichogombewa kilikuwa ovahedi. Sanduku zito lenye kioo bapa juu, balbu na feni ndani, na mkono wa chuma ulioshikilia kioo kidogo cha kupeleka picha ukutani. Tulikuwa nazo sita. Zilizofanya kazi ni nne, na mbili zilizobaki zilikuwa duka letu la vipuri. Mhadhiri alikuja na karatasi zake za plastiki alizoziandika kwa kalamu za rangi, na akikosea neno hulamba kidole akalifuta mbele ya darasa. Profesa mmoja wa mimea hakutaka ovahedi. Yeye alikuwa na slaidi zake, akizipanga usiku kucha kwenye duara la Kodak Carousel lenye nafasi 80, na ole wako ulitikise njiani.

Daftari lilikuwa na safu tano zilizopigwa kwa rula: tarehe, jina, chumba, kifaa, sahihi. Sharti lilikuwa kuandikisha siku mbili kabla. Ukitaka kuwajua watu wa chuo, hukuhitaji kuhudhuria vikao vyao, ulisoma daftari tu. Kuna aliyejiandikia muhula mzima siku ya kwanza ya masomo, kisha wiki ya tatu akawa haji kuchukua. Kuna aliyefika saa mbili kasoro dakika tano, jasho linamtoka, akiapa kwamba alimtuma mtu amwandikie. Na kuna aliyefuta jina la mwenzake kwa kifutio, asijue kwamba kalamu ya risasi huacha alama ukiielekeza karatasi dirishani. Nikahamia kalamu ya wino.

Mwaka 2003 ikaja projekta ya kwanza ya kompyuta, ndani ya mkoba mweusi. Ilikuwa nyepesi kuliko ovahedi yoyote, lakini ilibebwa na watu wawili: mmoja ameishika, mwingine anamsindikiza. Haikulala stoo bali ofisini kwa mkuu wa idara, na kuipata ulihitaji barua. Ovahedi zikaanza kuota vumbi. Mimi nikajua kwamba daftari sasa litakuwa jembamba, maana kifaa kimekuwa kimoja.

Haikuwa hivyo, kwani tulikuwa tumeondoka kwenye shida ya mashine tukaingia kwenye shida ya balbu. Balbu ya projekta ile ilipewa maisha ya saa elfu mbili, na ikifa, kununua nyingine ni safari ya makaratasi ya miezi. Tena ilikuwa na adabu zake. Ukiizima, usichomoe waya mpaka feni imalize kuipoza. Uende ukamweleze hayo mtu anayekimbilia kipindi kingine! Halafu ukaja mgao wa umeme wa mwaka 2006, mwaka wa ukame, mabwawa yamekauka. Umeme ukikatika ghafla, feni nayo husimama papo hapo, na balbu hubaki imefungiwa na joto lake lote. Nikaongeza safu ya sita kwenye daftari: saa za balbu. Kila CR, yaani mwakilishi wa darasa, aliyekuja kuchukua projekta kwa niaba ya mhadhiri wake ilimbidi asome namba kwenye skrini, aiandike wakati wa kuchukua na wakati wa kurudisha. Walininung'unikia, lakini waliandika.

Siku moja niliitwa mbio kwenye darasa la kilimo. Mhadhiri alikuwa anafundisha batobato ya muhogo, ule ugonjwa unaolitia jani mabaka ya njano na kulikunja. Kwenye kompyuta yake jani lilikuwa gonjwa kabisa. Ukutani lilikuwa kijani kibichi, limejikunja tu kidogo, na wanafunzi wanamuuliza, "Dokta, mbona jani hili ni zima?" Amejaribu kuwasha na kuzima, amefungua picha nyingine, jani linazidi kupona. Nilipotazama ukuta niliona mahali palipopaswa kuwa peupe pana rangi ya samawati. Nikachomoa kebo. Kichwa cha VGA kina pini ndogo kumi na tano, na ya kwanza, inayopitisha rangi nyekundu, ilikuwa imelala ubavu. Njano ya ukutani ni nyekundu na kijani zikichanganyika; ukiiondoa nyekundu, kinachobaki ni kijani. Nikatoa mrija wa kalamu ya wino, nikauvisha kwenye pini, nikaiinua taratibu mpaka ikasimama na wenzake. Nilipochomeka tena, mabaka yakarudi, na darasa zima likapiga makofi kwa kuona jani limeugua.

Tangu siku hiyo kebo nazo zikaingia daftarini.

Baadaye projekta zilipandishwa darini, kila chumba na yake, ndani ya vizimba vya nondo vyenye kufuli. Wakubwa walisema kuazima kumekwisha. Nilifunga daftari nikaliweka droo ya chini, na nakiri nilijisikia kama mtu aliyestaafishwa na kufuli. Wiki haikupita. Kitufe cha kuwashia kilikuwa ndani ya kizimba, mita tatu juu, na kizimba kimefungwa. Kwa hiyo mwenye rimoti ndiye mwenye darasa. Watu wakaanza kupanga foleni dirishani kwangu kuazima rimoti, kisha betri za rimoti. Kisha zikaja kompyuta zisizo na tundu la VGA, nyembamba kama sahani, na foleni ikawa ya adapta. Nililitoa daftari droo ya chini nikalirudisha mezani.

Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, nilipanda ngazi chumba hadi chumba nikisafisha vichujio vya vumbi. Juni 1 tulipofungua, projekta zote ziliwaka. Rimoti tatu zilikuwa hazionekani.

Sasa nafasi ya darasa huombwa kwa kompyuta. Ni jambo jema: hakuna wa kufuta jina la mwenzake, na mtu anaandikisha akiwa kitandani. Ila mfumo unajua kwamba chumba kina projekta. Haujui kwamba kebo yake ilihamishiwa chumba cha jirani juzi jioni, na aliyeihamisha amekwenda likizo.

Siku niliyokabidhi ofisi, fundi aliyenipokea alikuwa binti mwenye elimu ya kompyuta kunizidi mara kumi. Nilimpa funguo. Kitambaa alikigeuzageuza akauliza ni cha nini, maana projekta zake mpya hazina balbu ya kubadilisha. Nikamwambia afutie lenzi. Daftari alilifungua kurasa za mwanzo, akasoma kwa sauti: "Ovahedi moja, wabebaji wawili." Akafunua za mwisho: "Betri mbili, ndogo."

"Mzee, hata betri tunaandika?"

"Andika, mwanangu. Andika jina na chumba."

"Na kurudisha?"

"Betri hazirudi," nikamwambia. "Anayerudi ni aliyezichukua."

Akacheka, kisha akatafuta rula akapiga mistari ya ukurasa mpya.