Kiangazi Kandokando ya Woodward

Plymouth, Vermont. Jumapili, 30 Juni 2024

Ibada ya leo hapa kambini, kando ya ziwa Woodward, haikuwa na mhubiri wala kwaya. Watoto kwa watu wazima tumeketi kwenye mabenchi chini ya miti, tukanyamaza. Kwetu Kaimosi, Kenya, Jumapili ni ngoma, kayamba na mahubiri ya kushiba. Wamisionari Wamarekani waliotuletea imani ya Marafiki, yaani Wakweka, mwaka 1902 walitoka katika tawi ambalo tayari lilikuwa na wachungaji na nyimbo. Hawa wa huku wameshika ukimya wa karne ya 17: anayeguswa husimama akasema, asiyeguswa hukaa kimya.

Mvulana mmoja amesimama akasema anamkumbuka nyanya yake aliyefariki. Akaketi. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeharakisha kumfariji. Wengi wa watoto hawa hata hawatoki familia za Kikweka, lakini wameyabeba maneno yake pamoja naye. Nimezaliwa katika Kanisa la Marafiki na sikuwahi kuona jambo hili.

Jumatano, 3 Julai

Kambi hizi za Farm & Wilderness zilianzishwa na Ken na Susan Webb mwaka 1939, kwanza Timberlake ya wavulana. Ya wasichana ilifuata 1941, na siku hizi inaitwa Firefly Song. Vibanda vina upande mmoja usio na ukuta, hivyo mvua, mbu na mwezi ni majirani. Simu zimebaki nyumbani.

Kinachonigusa zaidi ni kazi. Watoto wanakamua, wanapalilia, wanapasua kuni, wanasafisha vyoo vya mboji. Nilikotoka mimi, mwanafunzi hupewa jembe akikosea, kwa hiyo tunakua tukidhani udongo ni adhabu. Hapa jembe ni dalili kwamba unahitajika. Asubuhi wamechuma mboga, mchana zikawa mezani, na msichana aliyezichuma akawa anawatazama wenzake wakila. Sidhani kama kuna somo la mazingira lenye nguvu kuliko hilo.

Jumanne, 9 Julai

Kikundi kimoja kilikuwa kinachagua njia ya safari yake ya milimani. Wengi walitaka njia ya miamba; binti mmoja akasema anaogopa kimo. Kwetu tungepiga kura na yeye angeburutwa. Wakweka wa huku hawapigi kura. Mlezi aliomba kimya kidogo, kisha kila mmoja akasema tena. Ilichukua muda mrefu, nami nilichoka kuketi. Mwishowe wakapata njia inayofika kileleni kwa kuzunguka, na aliyeipendekeza ni mmoja wa wale waliokuwa wakali zaidi kuhusu miamba.

Usiku sikulala. Tarehe 25 Juni vijana wa nchi yangu waliingia Bungeni Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, na wengine wao waliuawa kwa risasi. Mswada uliondolewa siku iliyofuata. Waliouawa hawakurudi. Nawaza juu ya miaka yote ambayo hakuna aliyeketi akawasikiliza, nyumbani, shuleni, hata kanisani kwetu.

Jumapili, 14 Julai

Leo, ndani kabisa ya msitu, tumekuta ukuta wa mawe umeota ukoga. Msichana wa miaka kumi na miwili akauliza: nani anajenga ukuta msituni?

Jibu ni kwamba hapakuwa na msitu. Mwaka 1811 William Jarvis alileta kondoo wa Merino kutoka Ulaya, na kufikia 1840 jimbo hili lilikuwa na kondoo zaidi ya milioni 1.6, huku watu hawafiki laki tatu. Milima ikanyolewa kwa ajili ya malisho, mvua ikateremsha udongo mitoni. George Perkins Marsh, mzaliwa wa Woodstock hapo jirani, aliyaona hayo tangu utotoni, na mwaka 1864 akachapisha Man and Nature kuonya kwamba binadamu anaiharibu nchi inayomlisha. Biashara ya sufu ilipoanguka, wakulima wengi wakahamia magharibi na miti ikarudi yenyewe. Leo karibu robo tatu ya Vermont ni msitu tena. Na kabla ya kondoo na kuta, hii ilikuwa ardhi ya Waabenaki. Watoto waliambiwa hilo pia, na ni vizuri.

Nimeushika ukuta nikafikiria Msitu wa Kaimosi, kipande kilichosalia cha msitu wa mvua uliowahi kuungana na ule wa Kongo. Misheni yetu yenyewe ilikuwa na kiwanda cha mbao. Tofauti ni hii: kwetu Vihiga hakuna shamba litakaloachwa. Watu ni wengi, hakuna magharibi ya kuhamia, na msitu hautarudi wenyewe hata tungojee karne. Kwetu utarudishwa kwa mikono.

Jumamosi, 20 Julai

Usiku ndege aitwaye luni analia ziwani, sauti ndefu kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo. Mwaka 1983 Vermont nzima ilibaki na jozi saba tu zinazotaga. Watu wa kujitolea walilinda viota, wakaweka vya kuelea mahali ambapo maji hupanda na kushuka. Mwaka 2005 luni aliondolewa kwenye orodha ya jimbo ya walio hatarini. Chubwi ndogo za wavuvi za madini ya risasi, ambazo humwua akizimeza, zimepigwa marufuku pia. Watoto wanajua kukaa mbali na kiota wakiwa kwenye mitumbwi, nao wanakumbushana bila mtu mzima kusema neno.

Alhamisi, 1 Agosti

Ada ya hapa ni kubwa; wapo wanaokuja kwa ufadhili, lakini kwetu hesabu hiyo haiwezekani. Nimemwandikia mchungaji wetu wa vijana kupendekeza kambi yetu wenyewe. Desemba, shule zikiwa zimefungwa, watoto thelathini, juma moja, pembezoni mwa msitu. Ada iwe mahindi na kuni. Kitalu cha miche ya mutere na mwiritsa, na wazee wanaoijua miti hiyo waje kuwafundisha. Nyimbo tusiziache, ni zetu. Ila kila jioni tukae kimya robo saa, na mtoto akitaka kusema asikatizwe na mkubwa yeyote, nikiwamo mimi.

Najua atakachouliza kwanza: nani atawapikia? Nimeshamjibu kwenye barua: watajipikia wenyewe.