Pweza Apandapo Mlimani

Mji wa Morogoro si mji wa pweza. Hapa kitoweo ni perege na kambale wa Bwawa la Mindu, au dagaa wakavu. Na huko juu Uluguru wapo wazee waliokula chumvi nyingi bila ya kumtia machoni mnyama huyo. Mimi niliyelelewa pwani na kuolewa huku nimekuwa mwalimu wa pweza pasipo kuajiriwa.

Somo la kwanza ni kuhesabu. Pweza ana minyiri minane, wala hana mfupa. Ngisi ana kumi, miwili ikiwa mirefu kuliko mingine, na ndani ana kipande chembamba king'avu kama plastiki. Yuko pia ndugu yake mnene, mwenye lile jiwe jeupe jepesi ambalo watoto wa pwani huliokota ufukweni. Pweza nao hawafanani. Anayevuliwa zaidi kwetu ni yule mkubwa wa kahawia, awindaye mchana, mwenye doa jeusi chini ya jicho, karibu na shina la minyiri. Wa usiku ni mwekundu mwenye madoa meupe na minyiri mirefu myembamba. Wakishachemshwa, tofauti hizo hupotea.

Somo la pili ni la jikoni. Ngisi apikwe dakika mbili tatu, au karibu saa nzima. Katikati ya hapo ni mpira. Pweza ataka subira. Mtoe matumbo, wino, macho na mdomo wake mgumu kama wa kasuku. Mpige juu ya jiwe, au mgandishe usiku kucha, kwani barafu nayo hulainisha nyama. Mchemshe kwa maji kidogo, bila chumvi, hadi uma uingie. Wala usimlaumu mtu akipungua nusu. Ndipo utie kitunguu, tui, ndimu, na pilipili manga ya Uluguru.

Somo la tatu lilitokana na swali la mama mkwe wangu, Mluguru wa Matombo. Aliniuliza kwa nini nawakataa pweza wadogo, ilhali bei yao ni nafuu na huiva upesi.

Nikamwambia, "Mama, huyu haishi sana, mwaka mmoja hivi, na ushei. Jike hutaga mara moja tu maishani. Hukaa pangoni akiyalinda mayai bila ya kula, na yakishaanguliwa, hufa. Akivuliwa kabla ya kutaga, hakuacha kitu."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hata baharini kuna mbegu. Mbegu hailiwi, mwanangu."

Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara hazitaki avuliwe pweza wa chini ya gramu 500, na vipo vijiji vya pwani vinavyofunga miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Lakini mvuvi huleta kile kinachonunuliwa. Sisi wa bara twadhani bahari haituhusu, na huku Mto Ruvu unayachukua maji ya milima hii hadi baharini karibu na Bagamoyo. Anayechagua pweza mdogo katika Soko la Chifu Kingalu amekwisha kumwagiza mdogo mwingine. Kwa hiyo mimi humwambia muuzaji waziwazi: akija mkubwa, niite, asipokuja, leo tutakula maharage.