Maji ya Bukirasazi Yanakwenda Wapi?

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilipata likizo ya siku kumi kazini, nikaona ni vema niitumie kumtembelea dada yangu aliyeolewa Bukirasazi, mkoani Gitega, nchini Burundi. Mimi ni mwenyeji wa Ngara, na kwa mtu wa Ngara nchi ya Burundi si ugenini sana. Kihangaza chetu na Kirundi ni lugha za jirani. Ukisema taratibu utaeleweka.

Nilivukia mpaka Kabanga, nikaingia Kobero. Hapo malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu, mengine yakileta mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam, mengine yakielekea huko huko. Kutoka Kobero nilipita Muyinga na Karuzi, nikavuka mto Ruvubu, hata nikafika Gitega, mji ambao tangu mwaka 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi hiyo. Sikukawia mjini. Niliendelea kusini mpaka Bukirasazi.

Bukirasazi ni kilima nyuma ya kilima. Watu wa huko hawakujenga nyumba kwa kukusanyika; kila mji umekaa peke yake mtelemkoni katika migomba yake, na chini bondeni kuna kijito na bustani za mboga. Kahawa iko karibu na nyumba, mikaratusi iko juu kabisa. Mahali hapo bahari haionekani hata kwa ndoto.

Shemeji yangu ni askari. Wakati ule alikuwa Mogadishu katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani nchini Somalia, ambako Burundi ilianza kupeleka wanajeshi wake mwezi wa Desemba mwaka 2007. Jioni ya kwanza alipiga simu. Dada alimwita mtoto wao wa kiume, mwenye umri wa miaka mitano, aje azungumze na baba. Mtoto akakimbia, akajificha nyuma ya nguo ya bibi yake.

"Kaka, huu ni mwezi wa nne," dada aliniambia baada ya simu kukatika. "Nikimpa simu ananyamaza. Baba yake naye ananyamaza. Fedha ya simu inakwisha bure."

Mtumbwi wa ganda la mgomba

Asubuhi yake nilifuatana na mpwa wangu kijitoni. Alichana ganda la mgomba, akaliweka majini kama mtumbwi, na juu yake akaweka buni tatu. Mtumbwi ulipoanza kwenda aliniuliza: "Marume," maana ndivyo Warundi wanavyomwita mjomba, "maji haya yanafika kwa baba?"

Ndugu msomaji, hapana budi niungame jambo. Kabla ya kuhamia kazi ya ofisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na cheti cha ualimu ninacho. Siku moja nilipokuwa nikifundisha majina ya bahari kubwa, darasa zima likiyaimba kwa sauti moja, mtoto mmoja aliinua mkono akauliza kama bahari ina ng'ambo. Nilimwambia akae chini, asituharibie somo. Nililikumbuka swali lile pale kijitoni, nikaona nimepewa nafasi ya pili.

Ingalikuwa rahisi kumjibu, "Ndiyo, yanafika." Lakini mtoto akidanganywa leo atatambua kesho. Basi tulichukua kijiti tukachora mchangani. Maji haya, nilimwambia, yanashuka mpaka Ruvyironza, na Ruvyironza unaingia Ruvubu. Ruvubu unakwenda kukutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, huko kwetu Ngara. Kagera unaingia Ziwa Victoria. Huko Jinja, nchini Uganda, mto Naili unatoka ziwani, unapita Sudani Kusini na Sudani, unafika Misri, na huko unaingia Bahari ya Mediterania. Ni safari ya zaidi ya kilomita 6,000. Ndiyo maana huko Rutovu kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 na Mjerumani Burkhart Waldecker, kuonyesha chanzo cha Naili kilicho kusini kuliko vyote.

"Baba yuko Misri?" aliuliza.

"Hayuko Misri. Yuko pwani ya Bahari ya Hindi. Lakini bahari zimeshikana mikono." Nikamchorea mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, kisha Bahari ya Sham, Ghuba ya Aden, na pembe ya Afrika inayozungukwa hata kufika Mogadishu. Nilimweleza pia kwamba ganda la mgomba litaoza njiani, na kwamba kuna maporomoko na mabwawa mengi ya kulizuia.

Alikaa kimya, akaitazama michoro. "Ni mbali," alisema, "lakini njia ipo."

Siku ya pili tulitengeneza mlima wa udongo, tukamimina maji ya kibuyu juu ya kilele. Nilimwonyesha kuwa nchi yao ni kama paa lenye pande mbili. Mvua inyeshayo upande wa mashariki wa safu ya milima hufuata Naili. Inyeshayo upande wa magharibi huingia Ziwa Tanganyika, hutoka kwa mto Lukuga, hufuata mto Kongo mpaka Bahari ya Atlantiki. Nayo kahawa yao husafirishwa kwa lori hadi Bahari ya Hindi. Nchi isiyo na pwani, lakini bahari tatu zinaijua!

Maneno yaliyosafiri

Jioni bibi alizoea kuwatega watoto vitendawili. Yeye husema "Sokwe!" nao huitika "Niruze!" kama sisi tunavyosema "Kitendawili!" na kuitikiwa "Tega!" Nikaomba ruhusa niongeze mchezo wangu. Mtoto aguse kitu nyumbani, akitaje, nami nimwambie jina lake lilitoka wapi. Aligusa *ameza*: neno la Kireno lililoletwa na wasafiri waliofuata njia ya Vasco da Gama, aliyefika Malindi mwaka 1498, likaingia Kiswahili, likapanda milima. *Isabuni* na *igitabo* ni ya Kiarabu. *Ishure* ni ya Kijerumani. Mwisho akasema *umusirikare*, yaani askari, kazi ya baba yake. Neno hilo limetokana na serikali yetu ya Kiswahili, na serikali ni neno la Kiajemi.

Bibi alicheka hata akashika ubavu. "Kumbe nyumba yangu imejaa wageni, na wote nimewazoea!"

Jumapili simu ililia tena. Safari hii mtoto hakukimbia. Aliishika kwa mikono miwili, akauliza bila salamu: "Baba, bahari yako inaanzia wapi?" Nilisikia kimya upande wa pili, kisha sauti ya shemeji ikianza kueleza: mawimbi, harufu ya chumvi, na jinsi Wasomali wanavyosalimiana kwa kusema *nabad*. Mtoto akauliza maana yake. Baba akamjibu kuwa ni *amahoro*, yaani amani. Walizungumza mpaka fedha ikakwisha, na dada alikwenda nje akakaa peke yake kidogo.

Wazazi, hasa ninyi mnaohamishwa kambi hadi kambi, mchezo huu hauhitaji fedha. Karai la maji, kipande cha ganda la mgomba, udongo na kijiti vinatosha. Anzeni na kijito cha karibu, mfuate maji yanakokwenda. Mkiwa na jirani wa kabila au nchi nyingine, mtoto ajifunze salamu yake moja na maana yake. Msilisahihishe kosa kwa fimbo, wala msijibu kwa uwongo ili mpumzike. Na mzazi aliye mbali kikazi asiishie kuuliza, "Umekula?" Amweleze mtoto mahali alipo: mto gani, chakula gani, watu wanaamkianaje.

Nilipokuwa nikirudi nilisimama Rusumo kutazama maji yakiporomoka. Sikuona ganda la mgomba. Lakini nilipofika nyumbani nilimwita binti yangu, tukajaza karai maji.