Acha Kukopi Folda Nzima, Tengeneza Kiungo

Wasee, leo nitasema kitu kitakera wengine. Ukiona mtu anakopi folda nzima ya picha kila akipandisha toleo jipya la tovuti, jua hajawahi kukutana na fs.symlink ya Node.js, ama walikutana akahepa.

Na si mambo ya mbwembwe, ni pesa ya watu. Kuna mama mtaani kwetu anauza nguo mtandaoni. Kila fundi wake akirekebisha tovuti, mama anaambiwa apakie picha za nguo upya. Zote. Kwa bando zake. Alikuwa ashazoea, anasema "seva imesahau tena." Seva haisahau bana! Picha zilikuwa zinahifadhiwa ndani ya folda ya programu, na fundi akileta toleo jipya anafuta folda ya zamani yote. Picha zinaenda nayo.

Dawa yake ni mstari mmoja. Picha zikae nje, kwa folda yao, halafu ndani ya kila toleo uweke kiungo:

fs.symlinkSync('/srv/duka/picha', '/srv/duka/toleo-8/picha')

Kiungo ni kitu kidogo sana, kimebeba tu anwani ya mahali pengine. Ni kama soja wa geti anayekwambia "hao walihamia nyumba namba saba." Yeye hajabeba sofa ya mtu, anakuelekeza tu. Programu ikifungua toleo-8/picha, inajikuta kwa folda halisi bila hata kujua. Na si uvumbuzi wa jana: viungo hivi vilikuwa kwa Unix ya Berkeley, 4.2BSD, mwaka 1983. Node yenyewe ilikuja 2009.

Sasa, mahali watu huumia. Kwanza ni mpangilio: kitu halisi ndicho hutangulia, jina la kiungo linafuata. Ukigeuza, Node itakurushia EEXIST kwa sababu unajaribu kutengeneza kitu ambacho tayari kipo.

Pili, na hii ndiyo imekula usiku za watu wengi: Node haiangalii kama huko unakoelekeza kuna kitu. Ukiandika '../picha', maneno hayo yanahifadhiwa vile vile, na yanasomwa kuanzia folda ambayo kiungo kinakaa, si pale ulipokuwa umesimama ukiendesha programu. Ukikosea hesabu hapo, unapata kiungo kinachoelekeza hewani, na hakuna kosa lolote linatokea. Halafu unauliza fs.existsSync kama kiko, inasema hapana. Unajaribu kukitengeneza tena, unaambiwa kipo. Manze, utadhani mashine inakucheza! Maelezo ni rahisi: existsSync hufuata kiungo mpaka mwisho na haipati kitu. Ukitaka kuangalia kiungo chenyewe, tumia fs.lstat, na fs.readlink itakuonyesha anwani iliyoandikwa ndani. Mimi huandika njia nzima kuanzia mkwaju wa kwanza na kulala vizuri.

Wenye laptop za Windows, najua mko wengi, mtaona EPERM. Windows haikubali mtu yeyote tu atengeneze viungo, mpaka uwe msimamizi au uwashe Developer Mode. Lakini kwa folda kuna njia ya panya halali kabisa: ongeza 'junction' kama neno la tatu. Hiyo haitaki ruhusa maalum, na Linux italipuuza hilo neno, kwa hivyo msimbo mmoja unafanya kazi kote kuwili. Kwa faili moja moja, junction haisaidii.

Watu huniuliza, je, nikifuta toleo la zamani picha hazitaenda? Hapana. fs.unlink hung'oa kiungo peke yake, na hata fs.rm ukiiambia ifute folda na vyote vilivyomo, ikifika kwa kiungo inakiondoa bila kuingia upande wa pili.

Ila kiungo si nakala ya akiba, tafadhali. Matoleo kumi yenye viungo kumi bado yanategemea ile /srv/duka/picha moja. Hiyo ikifutwa, vyote kumi vinaelekeza hewani, kwa hivyo nakala ya hiyo folda weka kwa mashine nyingine.