Aliyekata Belo Huchagua Mwisho

Wengi wetu tumezoea kuona uongozi ukija kwa barua. Mtu anaitwa ofisini, anakabidhiwa bahasha, na kuanzia siku hiyo wenzake wanamwita mkubwa. Siku akipokonywa barua ile, hakuna tena anayemwamkia. Mambo yalikuwa hivyo katika shirika moja la umma hapa Dar es Salaam, nilikofanya kazi kwa miaka 12.

Si kwamba nchi yetu haikuambiwa vingine. Kila mwanachama wa TANU alikariri kwamba cheo ni dhamana. Mwaka 1971 chama hicho kikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikamkataza kiongozi kuwa na kiburi, ufujaji, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliishika sana ibara hiyo. Katika miaka miwili mitatu iliyofuata waligoma, na penginepo wakawafungia mameneja nje ya milango ya viwanda. Kwetu sisi Mwongozo ulikaa kabatini. Mkuu wetu wa idara aligawa safari na posho akiwa amefunga mlango. Hatukujua fungu zima lilikuwa kubwa kiasi gani. Tulijua tu kwamba la kwetu lilikuwa dogo. Na mchovya asali hachovyi mara moja.

Kisha ikaja miaka ya 1990, miaka ya kubinafsisha mashirika na kupunguza watu. Mwaka 1994 nikapunguzwa. Nilikuwa na watoto watatu, chumba cha kupanga Ilala, na malipo ambayo yasingemaliza mwaka. Shemeji yangu akanipeleka Mchikichini, katika soko la mitumba lililo jirani na Uwanja wa Karume, kwa mama mmoja mwenye meza. Aliniangalia viatu vyangu vya ofisini, akasema, "Karibu baba. Hapa hatuna karani. Utashika nguo."

Yafaa nieleze kazi yenyewe. Mitumba huja katika mabelo yaliyobanwa kwa mashine na kufungwa mikanda. Anayenunua hajui kilichomo mpaka alikate. Belo moja laweza kuwa na nguo safi za kumlisha mtu mwezi mzima. Jingine, la bei ileile, likawa na matambara. Kwa hiyo wenye mitaji midogo huchangiana. Sisi tulikuwa watano. Yule mama alikuwa mkubwa wetu, si kwa kuchaguliwa, bali kwa sababu wenye maghala walimpa mali kauli: unachukua mzigo leo, unalipa ukishauza. Hakuna rehani wala hati. Rehani ni neno lako.

Belo lilikatwa mbele ya wote watano. Asiyekuwapo alisubiriwa, hata kama wateja wamesimama. Mkataji alichambua nguo zote na kuzipanga mafungu matano, kisha wengine wakachagua kwa zamu, mdogo wao akianza. Fungu lililobaki ndilo la mkataji. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya meza yetu: aliyekata belo huchagua mwisho. Nilimuuliza kwa nini asichukue walau nguo mbili nzuri kwa ajili ya taabu yake. Akanijibu, "Nikichagua kwanza, baba, macho yenu yatatoka kwenye nguo yaje kwangu. Kazi itaharibika."

Baada ya miezi kadhaa alinipa kisu. Hapo ndipo nilipoielewa sheria ile. Kwa vile sikujua ni fungu lipi litaniangukia, nilijikuta nataka kila fungu liwe zuri. Nililigeuza kila shati, nikatafuta madoa na vifungo vilivyokatika. Nilimuuliza kijana wa miaka 18 kuhusu suruali za jinzi, kwa sababu yeye alizijua kuliko mimi. Kule ofisini sikuwahi kumwona mkubwa akimuuliza tarishi jambo lolote. Wala sheria ile haikunitaka niwe malaika. Ilinikalisha mahali ambapo faida yangu na haki ya mwenzangu vilikuwa kitu kimoja.

Usiku wa kuamkia Jumapili, Januari 16, 2022, soko liliungua. Asubuhi tulikuta mabati yaliyojikunja na majivu. Kundi letu lilikuwa na deni la mabelo matatu ya mali kauli, na hatukuwa na hata soksi ya kuuza. Siku zile wapo waliozima simu, nami siwalaumu; mtu aliyeunguliwa mtaji wa miaka hana la kumwambia anayemdai. Yule mama, ambaye umri ulikuwa umekwisha kumwinamisha, alikwenda mwenyewe kwa mwenye ghala kabla hajatafutwa. Alitaja deni lote, akaomba muda, kisha akaomba belo jingine. Akapewa.

Tulilikatia uani kwa mwenzetu mmoja. Kisu alikishika yeye, na akachagua mwisho, kama siku nyingine zote. Deni lilichukua zaidi ya mwaka kulipika. Hakuna hata mmoja wetu watano aliyejitoa, ingawa kujitoa kulikuwa rahisi, kwani hapakuwa na karatasi ya kumshika mtu.

Ndugu msomaji, huenda wewe huuzi mitumba. Lakini kama una watu chini yako, hapana shaka liko belo unalolikata: zamu za sikukuu, safari zenye posho, likizo, sifa ya kazi iliyofanywa na wengi. Jaribu kulikata mlango ukiwa wazi, na jina lako liandike mwisho. Sikuahidi kwamba mshahara wa mtu utapanda kwa hilo. Wala usitazamie shukrani; sisi hatukumshukuru yule mama hata siku moja, tuliona ni kawaida tu. Lakini siku soko litakapoungua, na kila kazi ina siku yake ya namna hiyo, utageuka nyuma na kuwahesabu waliobaki nawe.