Fedha ya Mwanafunzi Ina Jasho la Mtu

Likizo yangu ya mwaka huu niliimalizia nyumbani, Kisiwa Panza. Kwa msomaji asiyepajua, hicho ni kisiwa kidogo kilichoko kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Msafiri hushuka gari Chokocho, akangoja chombo, akavuka maji na kukanyaga mchanga wetu. Watu wake ni wavuvi na wakulima, na miongoni mwa akina mama wamo wanaojipatia riziki kwa kusokota kamba za makumbi ya nazi.

Niliikuta nyumba ina furaha na wasiwasi kwa pamoja. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa amechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa imemkubalia mkopo. Baada ya sala ya isha tulikaa juu ya mkeka: mama yangu, dada, shemeji na mimi. Binti akatusomea karatasi aliyoandika matumizi yake. Nauli ya boti, godoro, ndoo, shuka, vitabu, kutoa kopi, vocha ya simu, hakusahau kitu. Alipofika kwenye chakula akasoma: shilingi 2,000 kwa siku.

Watu walinyamaza. Shemeji akauliza, "Mwanangu, kwa fedha hiyo utakula nini?"

"Nitajibana, baba," alijibu. "Kitakachobaki nitamletea bibi, apumzike na kupiga makumbi."

Jibu hilo lilitugusa sote, lakini mama yangu hakutabasamu. Alinigeukia mimi akasema, "Mweleze mpwa wako habari ya daftari."

Ndugu msomaji, kisa hicho nilikuwa sijapata kukisimulia nje ya nyumba yetu. Nakisimulia leo kwa sababu najua ziko nyumba nyingi, mijini na vijijini, ambazo wakati huu zinahesabu fedha za kumpeleka kijana chuoni, na kijana naye anahesabu yake kimoyomoyo bila ya kuwaambia wazazi.

Mwaka 2010 nilikwenda Dar es Salaam kusomea stashahada ya uandishi wa habari. Wakati ule mikopo ya Bodi ilikuwa ya wanafunzi wa shahada na stashahada ya juu; sisi wa stashahada ya kawaida tulibebwa na wazazi wetu. Baba alikwisha kufariki dunia, na bonde letu la mpunga lilikuwa limeanza kuingiwa na maji ya chumvi. Mzigo wote ukamwangukia mama na minazi yake.

Kazi ya kamba si kazi ya mchezo. Makumbi hufukiwa katika tope la pwani, yakakaa humo kwa miezi mpaka yalainike. Hufukuliwa yakapigwa kwa mti hadi yatoe usumba, usumba ukaoshwa na kuanikwa, kisha ukasokotwa kwa viganja vya mikono. Kamba moja mama aliiuza shilingi 500. Kwa kamba hizo, na kwa nazi zenyewe, alinilipia ada na kunipa fedha ya kujikimu.

Kosa langu lilianza kwa aibu, wala si kwa anasa kubwa. Nilipoondoka nyumbani nilifungiwa papa mkavu, unga wa muhogo na nazi. Nilipofika Dar es Salaam niliona wenzangu wanakula kwa mama ntilie, nami nikaona haya. Kifurushi nikakisukuma chini ya kitanda kwa kuogopa harufu yake, nikawafuata. Sahani ya wali shilingi 1,000, soda pembeni, na siku nyingine mimi ndiye niliyewalipia wenzangu ili nisionekane mtu wa shamba. Kisha nikanunua simu ya shilingi 60,000, maana ile niliyokuwa nayo ilikuwa imefungwa kwa mpira.

Fedha ya ada ya muhula wa pili na fedha ya chakula nilizikalia pamoja, katika bahasha moja. Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Kila nilipochomoa noti nilijiambia kwamba najikopesha mwenyewe na kwamba nitarudisha. Mtihani ulipokaribia, bahasha ilikuwa tupu, na asiyelipa ada hakuruhusiwa kuingia katika chumba cha mtihani. Nikampigia simu mama nikamwambia uongo: ada imepanda, zinatakiwa shilingi 180,000.

Hakuuliza swali hata moja. Baada ya wiki mbili fedha ilinifikia kwa mkono wa jirani yetu. Nikalipa, nikafanya mtihani, nikafaulu, nikaona kwamba mambo yamekwisha.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani. Nilimkuta mama pwani, tope limempanda mpaka kwenye ugoko, anafukia makumbi. Nilipotaka kumsaidia aliniambia, "Taratibu, hayo nimeyanunua kwa jirani." Nikashangaa. Mtu mwenye minazi yake ananunuaje makumbi? Jioni dada yangu akanieleza. Minazi sita ya mama ilikuwa imewekwa rehani ili zipatikane zile shilingi 180,000. Mpaka deni lilipwe, nazi zake na makumbi yake ni ya aliyetoa fedha.

Usiku ule nilimwambia mama ukweli wote. Alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akasema: "Kutumia umetumia, na kijana hukosea. Ulilonikosea ni kunificha. Ungalisema huna chakula, ningalikutumia muhogo. Umesema ada imepanda, nikatoa minazi."

Kisha akaniuliza bei ya ile simu. Nikamjibu.

"Hiyo ni kamba ngapi?"

Nikapiga hesabu: kamba 120.

"Na sahani ya wali?"

"Kamba mbili, mama."

Mama hajui kusoma wala kuandika, lakini kesho yake aliniagiza ninunue daftari. Kila shilingi itakayoingia na kila itakayotoka niiandike, na kila likizo nimsomee mbele ya dada yangu. Hakutaka kunipangia matumizi. Alitaka tu pasiwe na jambo la kufichana baina yetu.

Daftari hilo lilinifundisha mambo ambayo hakuna mhadhara ulionifundisha. La kwanza, ada na kodi ya chumba havikai katika bahasha moja na chakula. Vilipwe siku ileile fedha inapoingia, na kilichobaki kigawanywe kwa wiki. Fedha ya wiki ikiisha siku ya Alhamisi, utajua Alhamisi kwamba umekosea, wala hutasubiri mwisho wa muhula.

La pili, umaskini ukikutana na umaskini mwenzake hupungua makali. Niliwaeleza wenzangu wawili hali yangu, kumbe nao walikuwa wakijikaza. Tukahamia chumba kimoja, tukachangia kodi, tukanunua mchele wa gunia na jiko moja la mkaa, tukapika kwa zamu. Papa wangu wa Kisiwa Panza alitoka chini ya kitanda akaingia chunguni. Mwenzetu wa Singida alileta mafuta ya alizeti kutoka kwao, na wa Kagera alileta maharage. Chakula nilichokionea haya ndicho kilichotulisha.

La tatu, njaa si uwekevu. Wanafunzi wanao msemo wa "kupiga pasi ndefu", yaani kuunganisha milo ili mtu ale mara moja tu kwa siku. Nami nilijaribu. Nilisinzia darasani, na daftari likanisuta: siku nilizoruka chakula cha mchana ndizo nilizonunua chipsi za bei kubwa usiku, kwa kuwa tumbo lilishindwa kungoja wali uive. Nilidhani naokoa, kumbe napoteza fedha na somo pia.

Nilimaliza masomo mwaka 2012, na kwa mishahara yangu ya mwanzo nikaikomboa ile rehani. Katika minazi sita, tuliipata minne. Miwili iliyokuwa karibu na ufuko ilikwisha kukauka kwa chumvi. Mama hakuitaja, lakini kila niendapo nyumbani naviona visiki vyake.

Nilipomaliza kueleza, mpwa wangu akaniambia, "Lakini mjomba, wewe ulifuja. Mimi nataka kuokoa nimsaidie bibi. Hayo si mamoja."

Ni hoja ya haki, na inastahili jibu. Mzigo wa elimu ya juu katika nchi yetu umepita mikono mingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kwa miaka mingi baadaye, wanafunzi walisomeshwa kwa fedha ya umma. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda kuleta chakula kutoka mbali; asiporudi kuwasaidia wenziwe, huyo ni msaliti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 familia zilianza kuchangia gharama. Ikaja sheria ya mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ikaanza kazi Julai 2005. Zanzibar nayo iliunda bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu kwa sheria ya mwaka 2011. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 hata baadhi ya fani za stashahada zimefunguliwa mlango wa mkopo.

Mfano ule wa Mwalimu husimuliwa sana kwa upande wake mmoja, kwamba msomi lazima arudi. Upande wake wa pili ni kwamba chakula kile alipewa ili akile. Mjumbe akikificha mfukoni ili akirudishe kijijini, ataanguka njiani, na kijiji kitakuwa kimepoteza chakula na mjumbe.

Nilimwambia hivyo, kisha tukapiga hesabu pamoja. Fedha ya chakula na malazi katika mkopo wake ni shilingi 10,000 kwa siku, na hulipwa kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni shilingi 600,000. Binti ambaye hajapata kushika hata laki mbili zake mwenyewe ataziona nyingi, aweze kuzitumia ovyo kama nilivyofanya mimi, au azitume nyumbani kwa huruma. Lakini humo imo kodi, imo nauli, na imo milo ya siku 60. Tena ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Akilipwa shilingi 700,000, zitatoka 105,000. Shilingi anayomletea bibi leo atailipa kesho, na kwa sasa ameikosa tumboni.

Mama yangu alikuwa akisikiliza. Akamwambia, "Mjukuu wangu, fedha ya kusomea usiniletee mimi. Ule, usome. Mikono yangu bado inasokota. Nikichoka nitasema, maana humu ndani hatufichani tena."

Usiku ule binti aliiandika karatasi yake upya. Chakula kikapanda, godoro likawa la mkono wa pili, vocha ikapungua, na pakaongezwa mstari wa akiba ndogo ya maradhi. Bibi yake akaongeza unga wa muhogo na papa mkavu, naye akaahidi mbele yetu kwamba hatavisukuma chini ya kitanda.

Kwa wazazi wenzangu wa mijini, ambao mishahara yetu twaijua ilivyo, nina neno moja. Mtoto akipiga simu kuomba fedha, tusianze kwa kufoka wala tusikimbilie kutoa. Tumwombe atusomee daftari. Na tumweleze fedha yetu inapatikanaje: ni zamu ngapi za usiku kiwandani, ni vitumbua vingapi, ni safari ngapi za kwenda bahari kuu. Kijana anayejua hesabu hiyo huona haya kufuja, na asiyeogopa kufokewa hatakuwa na haja ya kudanganya.

Mpwa wangu sasa yuko chuoni. Tumekubaliana kwamba kila Ijumaa atapiga simu kutusomea matumizi ya wiki. Ijumaa ya kwanza alisoma yote sawasawa, kisha akasita, akakiri kwamba amemkopesha mwenzake wa chumbani shilingi 20,000 ambazo hazimo katika mpango. Nilitaka kusema neno, lakini mama alinitangulia.

"Iandike," alimwambia. "Na leo umekula?"

"Nimekula, bibi."

"Basi endelea kusoma."