Judah Folkman na Mishipa ya Uvimbe: Kumbukumbu ya Wazo Lililogeuka

Wazo kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila kujipatia mishipa yake ya damu lilianzia katika maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani huko Bethesda, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambako daktari kijana wa upasuaji, Judah Folkman, pamoja na mwenzake Frederick Becker, walikuwa wakitafuta kimiminika kinachoweza kutumika badala ya damu. Ili kukijaribu, walikipitisha katika tezi za shingo za wanyama zilizokwisha kutolewa mwilini, kisha wakapandikiza humo seli za saratani, nazo zikaota, zikafikia ukubwa wa milimita moja au mbili, zikakoma. Zilipohamishiwa kwa panya hai zilikua kwa kasi, jambo lililoonyesha kwamba hazikuwa zimekufa, bali zilikosa kitu ambacho panya alikuwa nacho na tezi ile haikuwa nacho. Kitu hicho, kwa maoni ya Folkman, kilikuwa mishipa mipya ya damu.

Mwaka 1971, akiwa sasa daktari mkuu wa upasuaji katika hospitali ya watoto ya Boston, alichapisha hoja kwamba uvimbe hutoa kemikali inayochochea mishipa kuchipuka, na kwamba kemikali hiyo ikizuiwa uvimbe utadumaa. Wengi waliipuuza, wakishikilia kwamba mishipa ile ni ya kawaida tu, kama inayoonekana popote penye jeraha. Kikundi chake kilijibu kwa jaribio ambalo hata asiye mtaalamu angelielewa: kipande kidogo cha uvimbe kilipachikwa ndani ya konea ya sungura, yaani utando angavu wa mbele ya jicho usio na mshipa hata mmoja, na baada ya siku kadhaa mishipa myembamba ikachipuka kutoka pembezoni na kukifuata kipande kile mpaka kukifikia.

Kemikali yenyewe ilichelewa kujulikana. Mwaka 1983 Harold Dvorak na wenzake walieleza protini inayofanya mishipa ivuje, na mwaka 1989 Napoleone Ferrara, huko California, akatenga protini inayoikuza mishipa. Ikabainika kuwa ni kitu kimoja, ambacho leo huitwa VEGF. Katika kuvuja huko, ambako kwa muda mrefu kulitazamwa kama jambo la pembeni, ndimo ilimokuwa sehemu kubwa ya jibu.

Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha bevacizumab, kingamwili ya kutengenezwa inayoinasa VEGF, baada ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa waliopewa dawa hiyo pamoja na tibakemikali kuishi kwa wastani miezi 20.3, ilhali waliopewa tibakemikali bila hiyo waliishi miezi 15.6. Matokeo hayo yalifurahisha na kutatanisha kwa pamoja, kwa sababu ikiwa kazi ya dawa ni kukata njia ya damu, basi tibakemikali, ambayo husafiri kwa damu, ilipaswa kushindwa kuufikia uvimbe.

Maelezo yalikuwa yamekwisha kutolewa mwaka 2001 na Rakesh Jain, mhandisi wa kemia mzaliwa wa India, ambaye utafiti wake ulihusu shinikizo la majimaji ndani ya uvimbe. Mishipa ya saratani, alisema, imepindapinda na kutoboka kama mabomba mabovu, hivyo majimaji hujaa nje yake, shinikizo hupanda, dawa hushindwa kupenya na oksijeni hupungua. VEGF ikizuiwa kwa kiasi, mishipa dhaifu hunyauka na inayobaki hutengemaa kwa muda, ikapitisha damu vizuri zaidi. Ni haki kusema kwamba dawa iliyotokana na fikra za Folkman ilifanikiwa, angalau kwa sehemu, kwa njia iliyo kinyume na ile aliyoitarajia.

Tiba ya kinga, yaani ile inayouwezesha mwili wenyewe kuishambulia saratani, iliipa hoja hiyo uzito mpya. Dawa zilizotokana na uvumbuzi wa James Allison na Tasuku Honjo, washindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018, huondoa vizuizi vinavyozituliza seli T, ambazo ni askari wa damu. Lakini seli hizo nazo hupita katika mishipa ileile mibovu, na VEGF yenyewe huzidhoofisha seli za kinga. Mwaka 2020 jaribio la wagonjwa wa saratani ya ini, waliopewa bevacizumab pamoja na dawa ya kinga atezolizumab, lilionyesha kwamba asilimia 67.2 walikuwa hai baada ya miezi 12, dhidi ya asilimia 54.6 ya waliotumia sorafenib, dawa iliyozoeleka. Folkman, aliyefariki Januari 2008, hakuyaona hayo.

Si kila saratani iliyoitikia. Idhini ya bevacizumab kwa saratani ya matiti ilifutwa Marekani mwaka 2011. Hata katika ini, dawa hii huongeza hatari ya kutokwa na damu, kwa hiyo wagonjwa wa jaribio lile walichunguzwa kwanza kwa kamera umioni na tumboni, kuhakikisha kwamba hawana mishipa iliyovimba ambayo ingeweza kupasuka.